Dag Hammarskjöld: aliondoka kusimamisha vita ya Katanga, ndege yake haikufika

Kwa wakaaji wa Likasi, Shituru ni kiwanda. Ni shaba na kobalti, ni harufu ya asidi asubuhi, ni kazi ya baba na ya babu. Kiwanda kile kimefanya kazi tangu mwaka 1929. Mwaka 1961 mji ulikuwa bado unaitwa Jadotville, na Shituru ilikuwa mali ya Union Minière du Haut-Katanga, kompani ya Wabelgiji iliyoshika karibu utajiri wote wa chini ya udongo wa Katanga.

Siku ya Mungu, tarehe 17 mwezi wa kenda mwaka ule, kando ya mji, wanajeshi wa Ayalandi waliokuwa chini ya bendera ya ONU waliweka silaha chini. Walikuwa wamepigana siku tano. Siku ileile, mbali kule Léopoldville, mtu mmoja wa miaka 56 alipanda ndege ya kukodi ili akutane na Moïse Tshombe na kusimamisha vita ile. Mtu huyo alikuwa Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa. Usiku ule ndege ilianguka msituni karibu na Ndola, na mpaka leo dunia haijakubaliana ni nini kiliiangusha.

Jina lake, wazee wengi wa Likasi na Lubumbashi wanalijua. Lakini maisha yake, na njia iliyomfikisha katika msitu ule, vijana wengi hawajasikia.

Mtoto wa ngome ya Uppsala

Hammarskjöld alizaliwa tarehe 29 mwezi wa saba 1905 katika mji wa Jönköping, kule Uswidi. Alikuwa kitinda mimba, wa mwisho kati ya vijana wanne. Baba yake, Hjalmar, alikuwa mtu mkubwa wa serikali: alikuwa waziri wa kwanza wa Uswidi kati ya 1914 na 1917, wakati Ulaya nzima ilikuwa inachinjana katika vita kuu ya kwanza na Uswidi ilijikaza kubaki nje. Alikuwa pia gavana wa Uppsala, na jamaa yote iliishi katika ngome ya zamani juu ya kilima cha mji ule. Mama yake, Agnes, alikuwa mtu wa sala na wa moyo mkunjufu. Watu waliomwandika baadaye wanasema kutoka kwa baba alirithi utumishi wa serikali, na kutoka kwa mama alirithi imani.

Masomo yalimkaa kichwani. Pale Uppsala alisoma fasihi, filozofia, uchumi na sheria, na mwaka 1933 alipata udaktari wa uchumi katika chuo kikuu cha Stockholm. Miaka mitatu baadaye, akiwa na miaka 31 tu, alikuwa tayari katibu wa juu katika wizara ya fedha. Alishika kazi ile mpaka 1945, na tangu 1941 mpaka 1948 aliongoza pia baraza la benki kuu ya Uswidi. Baada ya vita aliingia katika mambo ya nje, na mwaka 1951 akawa waziri asiye na wizara maalum. Chama cha siasa hakuingia hata kimoja. Hakuoa, hakuwa na mtoto. Alipenda vitabu, mashairi, na kupanda milima ya kaskazini ya nchi yake. Kazi ilikuwa nyumba yake.

Kazi ambayo hakuiomba

Mwaka 1953 katibu mkuu wa kwanza wa Umoja wa Mataifa, Trygve Lie wa Norwe, alikuwa amechoka na ugomvi wa wakubwa. Wamarekani na Wasovieti hawakukubaliana juu ya mtu yeyote. Mwishoni waliona jina la Mswidi huyu asiyepiga kelele, fundi wa mambo ya fedha, na wote wakafikiri hatawasumbua. Mwenyewe alikuwa hajaomba kitu. Tarehe 10 mwezi wa ine 1953 aliapishwa kule New York.

Waliomchagua walikuwa wamekosea hesabu. Mwezi wa kwanza 1955 alikwenda mwenyewe Beijing kuongea na Zhou Enlai juu ya marubani Wamarekani waliofungwa China, wakati Marekani haikutaka hata kuitambua serikali ile. Miezi michache baadaye wafungwa wale waliachiliwa. Mwaka 1956, Uingereza, Ufaransa na Israeli ziliposhambulia Misri juu ya mfereji wa Suez, yeye pamoja na Lester Pearson wa Kanada walitengeneza kitu ambacho dunia haikuwa nacho: jeshi la ONU la kusimama katikati ya maadui. Kofia za bluu ambazo watu wa Goma, Bunia, Beni na Bukavu wamezizoea barabarani, mwanzo wake ni pale. Mwaka 1957 alichaguliwa tena kwa miaka mingine mitano.

Mwisho wa 1959 na mwanzo wa 1960 alizunguka Afrika, akapita nchi na maeneo zaidi ya 20. Aliona kwamba uhuru unakuja haraka, na kwamba nchi nyingi zitapewa bendera bila watu waliotayarishwa kuendesha ofisi. Alirudi New York na wasiwasi. Wasiwasi ule ulitimia kwanza Kongo.

Kongo inamwita

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 mwezi wa sita 1960. Siku tano tu zikapita, askari wa Force Publique wakaasi maofisa wao Wabelgiji. Ubelgiji ikarudisha jeshi lake bila ruhusa ya serikali ya Kongo. Tarehe 11 mwezi wa saba Tshombe akatangaza kwamba Katanga inajitenga. Kesho yake raisi Joseph Kasa-Vubu na waziri wa kwanza Patrice Lumumba wakaandikia ONU kuomba msaada wa kijeshi.

Hammarskjöld hakungoja. Katiba ya ONU ina kifungu cha 99, kinachompa katibu mkuu haki ya kuita Baraza la Usalama yeye mwenyewe akiona amani iko hatarini. Alikitumia. Usiku wa kuamkia tarehe 14 baraza likakubali, na askari wa kwanza wakaanza kushuka Léopoldville haraka sana. Kazi ile iliitwa ONUC. Wakati wa nguvu zake ilikuwa na askari karibu 20.000.

Lakini ruhusa ile haikusema wazi wafanye nini na Katanga. Na bila Katanga, Kongo ilikuwa kama nyumba iliyotolewa nguzo. Shaba ya Shituru, kobalti, na madini mengine yalikuwa yakileta sehemu kubwa ya mapato ya nchi. Urani ya Shinkolobwe, mgodi ulio karibu kabisa na Likasi, ilikuwa imetumika katika bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Sasa kodi ya Union Minière haikuenda tena Léopoldville. Iliingia katika sanduku la Tshombe, Elisabethville, na kulipa askari wake na mamluki Wazungu waliowaongoza.

Jeraha la Lumumba

Hapa ndipo watu wengi wa Kongo wana neno na Hammarskjöld, na neno lile si dogo.

Lumumba alitaka ONU imsaidie kwa nguvu kurudisha Katanga. Hammarskjöld alikataa. Kwake, askari wa ONU hawakuja kupigana upande mmoja katika ugomvi wa ndani. Walikuja kuondoa jeshi la Ubelgiji na kuzuia damu. Tarehe 12 mwezi wa munane 1960 alishuka mwenyewe Elisabethville pamoja na askari wa Uswidi, akaongea na Tshombe. Askari wa ONU wakaingia Katanga bila risasi. Kwa Hammarskjöld hayo yalikuwa maendeleo. Kwa Lumumba ilikuwa dharau: mkuu wa ONU amekwenda kuketi na mwasi bila kupitia kwa serikali iliyomwita.

Tangu siku ile wawili hao hawakusikilizana tena. Lumumba alitafuta msaada kwa Wasovieti. Tarehe 5 mwezi wa kenda Kasa-Vubu alimfukuza, naye Lumumba akamfukuza Kasa-Vubu. Wakati ule mgumu, mjumbe wa ONU aliyekuwa Léopoldville alifunga viwanja vya ndege na redio. Ilisemwa ni kwa kuzuia vita. Lakini Lumumba ndiye aliyeumia zaidi, kwa sababu nguvu yake ilikuwa sauti yake, na Kasa-Vubu alikuwa na redio ya Brazzaville ng'ambo ya mto.

Baadaye Lumumba alikaa katika nyumba iliyolindwa na askari wa ONU. Alipotoka usiku ili afike Kisangani kwa watu wake, wakati ule Stanleyville, alikamatwa Kasai, na ONU haikuingilia. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961 alishushwa katika uwanja wa ndege wa Elisabethville pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, akiwa amefungwa na kupigwa. Askari wachache wa Uswidi waliolinda uwanja ule waliona kwa macho yao. Hawakufanya kitu. Usiku ule wote watatu waliuawa.

Hammarskjöld hakutoa amri ya kumuua, na hakuna aliyeonyesha kwamba alitaka afe. Lakini jeshi lake lilikuwa pale, na mtu aliyeliita jeshi lile alikufa. Wasovieti walidai ajiuzulu. Nikita Khrushchev alikuwa ameanza kudai hivyo tangu mwezi wa kenda 1960. Hammarskjöld alijibu mbele ya mkutano mkuu kwamba atabaki, kwa sababu nchi ndogo ndizo zinazohitaji ONU, si wale wakubwa. Wajumbe wengi walisimama na kumpigia makofi muda mrefu. Huko Kongo makofi yale hayakusikika sana.

Vita inafika Jadotville

Kifo cha Lumumba kilibadilisha mambo. Tarehe 21 mwezi wa pili 1961 Baraza la Usalama liliruhusu ONU kutumia nguvu, kama njia ya mwisho, kuzuia vita ya wenyewe kwa wenyewe, na likaamuru mamluki na maofisa wa kigeni waondolewe Katanga. Mwezi wa munane Kongo ikapata serikali mpya ya Cyrille Adoula. Wakati huohuo Elisabethville ilijaa Baluba waliokimbia mateso ya askari wa Tshombe. Makumi ya maelfu walijikusanya katika kambi chini ya ulinzi wa ONU. Watu wa mashariki wanaoishi leo katika kambi za wakimbizi hawahitaji kuelezwa maisha yale yalikuwa namna gani.

Tarehe 28 mwezi wa munane ONU ilikamata mamluki wengi kwa siku moja, bila damu. Wengine walijificha. Ndipo tarehe 13 mwezi wa kenda ikaanza operesheni ya pili iliyoitwa Morthor, chini ya mjumbe wa ONU Elisabethville, Conor Cruise O'Brien. Mara hii haikuwa rahisi. Risasi zilianza posta na kwenye redio, na Tshombe akapita mpaka na kuingia Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo leo inaitwa Zambia. Hammarskjöld alikuwa ndani ya ndege kutoka New York vita ilipoanza. Wanahistoria wanabishana mpaka leo alijua kiasi gani juu ya mpango ule. Alichokikuta Léopoldville ni vita ambayo jina lake liko juu yake.

Na Jadotville ilikuwa sehemu mbaya kuliko zote. Kompani moja ya Waayalandi, watu karibu 155 chini ya Pat Quinlan, ilikuwa imetumwa huko kwa sababu Ubelgiji ilisema Wazungu wa mji wako hatarini. Kumbe Wazungu wale wengi hawakuwataka. Asubuhi ya tarehe 13, wakati wengine walikuwa katika misa, walishambuliwa na askari wa Katanga pamoja na mamluki, waliowazidi kwa wingi mara nyingi. Maji yalikatwa. Ndege ya kivita aina ya Fouga, ambayo ONU haikuwa na ndege ya kuijibu, iliwapiga kutoka juu. Wenzao waliotoka Elisabethville kuwaokoa walizuiwa kwenye daraja la Lufira. Chakula, maji na risasi vilipokwisha, walijitoa. Hakuna hata mmoja wao aliyekufa, lakini walibaki mateka zaidi ya mwezi mmoja.

Basi mezani pa Hammarskjöld palikuwa na hayo yote: watu wake wamezungukwa Jadotville, ndege moja inatawala anga, London inakasirika, Washington inauliza maswali, na Wakongo wanakufa. Aliamua kwenda kuonana na Tshombe mwenyewe. Mahali waliochagua palikuwa Ndola, katika nchi iliyotawaliwa na Wazungu waliomuunga mkono Tshombe wazi.

Usiku wa Albertina

Ndege ilikuwa DC-6B, namba SE-BDY, na marubani waliiita Albertina. Ilikuwa mali ya Transair, kompani ya Uswidi, na ONU ilikuwa imeikodi kwa kazi ya Kongo. Asubuhi ileile ilikuwa imetoka Elisabethville na ilipigwa risasi. Mafundi waliitengeneza Léopoldville. Karibu saa kumi na moja za jioni iliruka kutoka Ndjili. Ndani walikuwa watu 16: katibu mkuu, washauri wake, walinzi, mwandishi wake Alice Lalande kutoka Kanada, askari wawili wa Uswidi, na marubani pamoja na wafanyakazi wa ndege chini ya Per Hallonquist.

Kwa kuogopa ile Fouga, rubani hakupita juu ya Katanga. Alizunguka upande wa mashariki mpaka karibu na ziwa Tanganyika, kisha akageukia kusini, muda mrefu bila kuongea kwenye redio. Njia ya kawaida ingekuwa fupi zaidi. Ile ilichukua zaidi ya saa sita.

Saa sita za usiku na dakika 10 hivi, Hallonquist aliuambia mnara wa Ndola kwamba anaona taa za uwanja na anashuka. Hakukuwa mvua, hakukuwa radi. Ilikuwa mwisho wa kiangazi na hewa ilikuwa nzuri. Ndege ilipita juu ya uwanja, ikazunguka ili ije kutua, magurudumu yakiwa chini. Haikurudi. Iligusa miti, ikakata njia ndefu msituni, ikawaka moto, kilomita kama 15 kutoka uwanjani.

Tshombe alikuwa Ndola akingoja. Balozi mkubwa wa Uingereza, Lord Alport, alikuwa uwanjani. Ndege ambayo ilikuwa imesema inatua ilinyamaza, na wenye uwanja wakaamua kwamba labda Hammarskjöld amebadilisha mawazo, amekwenda kwingine. Wakalala. Mabaki yalitangazwa kuonekana kesho yake saa kenda za mchana na dakika 10. Hammarskjöld alikutwa kando ya ndege, hakuungua. Mtu mmoja tu alikuwa hai: Harold Julien, Mmarekani, mkuu wa walinzi. Alikuwa amelala msituni chini ya jua, na majeraha ya moto, saa 15 nzima. Aliishi siku sita hospitalini. Aliwaambia waliomhudumia juu ya mlipuko na cheche angani. Wachunguzi wa Rhodesia walisema maneno yale ni ya mgonjwa mwenye homa.

Wachoma makala hawakusikilizwa

Msitu ule haukuwa mtupu. Usiku ule walikuwamo watu wa makala, wanaume waliokaa kando ya tanuri zao kuchunga moto, kama wanavyofanya mpaka leo wachoma makala kandokando ya Likasi. Kadhaa kati yao walisema waliona ndege kubwa na ndogo nyingine pamoja nayo, au mwanga na moto angani kabla ndege kubwa haijaanguka. Wengine walisema waliona mabaki mapema asubuhi, muda mrefu kabla serikali haijasema imeyapata.

Tume ya Rhodesia, mwanzoni mwa 1962, iliwaita wachache, ikaona maneno yao hayana uzito, na ikahukumu kwamba rubani alikosea kwa kushuka chini mno. Wakati ule, katika nchi ile, mwafrika mchoma makala hakuwa shahidi sawa na Mzungu wa ofisini. Tume ya ONU yenyewe, mwaka uleule, haikukubali wala kukataa: ilisema haiwezi kutenga rubani kukosea, wala ndege kuharibika, wala kushambuliwa. Faili likabaki wazi.

Hammarskjöld alizikwa Uppsala tarehe 29 mwezi wa kenda 1961, kwa heshima za taifa. Mwisho wa mwaka ule alipewa tuzo ya Nobel ya amani ingawa alikuwa amekufa. Katika nyumba yake New York lilikutwa daftari la mawazo yake ya ndani juu ya Mungu, upweke na kazi. Lilichapwa 1963 na kusomwa dunia nzima. Ndani yake hakuandika habari za mikutano wala za wakubwa aliokutana nao.

Kusimamisha mapigano kulipatikana siku chache tu baada ya ajali, kupitia msaidizi wake Mahmoud Khiari. Lakini Katanga haikurudi kwa mazungumzo. Chini ya U Thant wa Burma, aliyeshika nafasi yake, ONU ilipigana tena. Tarehe 3 mwezi wa kwanza 1963 askari wa India walivuka Lufira, mto uleule uliowazuia Waayalandi wasiokolewe, wakaingia Jadotville. Siku chache baadaye Tshombe akatangaza mwisho wa kujitenga. Mwaka 1966 mji ukaitwa Likasi. Kule Ayalandi, wanajeshi wa Quinlan waliishi na aibu ya kujitoa zaidi ya miaka 40 kabla nchi yao kuwapa heshima.

Jaji kutoka Tanzania

Ukweli juu ya ndege nao ulichelewa. Mswidi mmoja, Göran Björkdahl, aliyekuwa kwenye kazi ya misaada, alianza kuwatafuta wale mashahidi wa Ndola, wakati huo wazee kabisa, na kuandika walichokiona. Mwaka 2011 mwanahistoria Susan Williams alitoa kitabu juu ya kifo kile. Mwaka 2013 tume ya majaji wa kujitegemea ilisema kuna sababu za kutosha kufungua tena uchunguzi. ONU ilikubali, na ikampa kazi ile Mtanzania: Mohamed Chande Othman, aliyekuwa jaji mkuu wa Tanzania.

Othman aliwatendea wachoma makala kama mashahidi. Katika ripoti ya 2017 aliandika kwamba inawezekana kabisa ndege ilishambuliwa au kutishwa kutoka nje. Hakusema imethibitishwa. Alisema pia, na akarudia katika ripoti zilizofuata, kwamba hati zinazoweza kumaliza ubishi ziko mikononi mwa serikali, hasa za ujasusi, na alizitaja Marekani, Uingereza na Afrika Kusini kati ya zile ambazo hazijatoa yote. Ndege zilizokuwa angani usiku ule, sauti za redio zilizonaswa, mamluki waliolipwa na njia za pesa zao: mahali fulani kuna karatasi.

Kwa watu wa mashariki ya Kongo habari hii si ya kigeni. Wengi wameona ndege za kukodi za ONU zikipaa na kutua kila siku, na wengine wamelia juu yake. Tarehe 4 mwezi wa ine 2011 ndege moja ya namna ile, iliyotoka upande wa Kisangani, ilianguka ikitua Kinshasa katika mvua na upepo mkali. Kati ya watu 33, mmoja tu alipona. Ile mvua kila mtu aliiona, na uchunguzi ukaeleza sababu. Ya Ndola haikuwa na mvua ya kulaumu, ndiyo maana swali lake halizimiki.

Wengi pia wanauliza leo kile ambacho Lumumba aliuliza 1960: jeshi la ONU ni la nini, kama linaona na halitendi? Hammarskjöld hakupata jibu linalotosha. Mwanzoni alikataa nguvu, na Lumumba akafa. Mwishoni watu wake walitumia nguvu, vita ikawaka, naye akapanda ndege kwenda kuizima kwa mdomo. Anaweza kulaumiwa kwa la kwanza na la pili. Lakini hakutuma mtu mwingine katika safari ile ya hatari, alikwenda mwenyewe.

Sasa kuna jiwe la kumbukumbu pale msituni, si mbali na barabara ya Ndola na Kitwe. Malori yanayobeba shaba kutoka Likasi yanavuka Kasumbalesa na kupita upande ule usiku na mchana kwenda bandarini. Wachoma makala wengi walioona moto wa usiku ule wamekwisha kufa. Wengine waliishi mpaka wakaulizwa na mtu aliyetaka kweli kusikia jibu, miaka karibu 50 baadaye.